Sarma za Kumuaga Bi Zekiye

Nuran aliingia uani kwa mama yake bila kubisha hodi, akavua viatu pale mlangoni penye rundo la viatu vya wanawake wa mtaa, akaenda moja kwa moja kwenye sinia la majani. Gumzo lilikatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Hakusalimu. Alimsukuma kidogo wifi yake Songül kwa goti, akajipenyeza katikati, akachukua jani la mzabibu, akalilaza kiganjani mishipa ikiwa juu, akatia ngano ya kupondwa kidogo na harage moja, akakunja huku, akakunja huku, akaviringisha. Alipokwisha kuipanga sarma hiyo kwenye sufuria ndipo akasema, "Asalaam alekum."

Waliitikia kwa ncha ya midomo, maana salamu haikataliwi. Songül aliitikia huku macho yake yako kwenye mlango wa jiko.

Ujanja huo wa kufunga kwanza na kusalimu baadaye haukuwa wa bure. Katika mtaa ule wa juu wa mji wa Niksar, Uturuki, mwanamke akishafunga jani moja kwenye sinia la watu hafukuzwi mpaka sufuria ifunikwe. Unaweza kumnunia, unaweza kumsema mpaka masikio yamuwake moto, lakini kumwinua huwezi. Nuran alizaliwa kwenye nyumba ile ile, na njia nzima kutoka Samsun, kule pwani, alikuwa anaomba jambo moja tu: mama yake asiwe uani atakapofika.

Dua yake ilikubaliwa kwa dakika chache. Bi Zekiye alitoka jikoni amebeba karai la mifupa ya mbavu za kondoo, ya kutandika kitakoni mwa sufuria ya pili. Kichwani alijifunga kitambaa cheupe kipya cha mahujaji, na ijapokuwa safari ilikuwa kesho alikwisha kuanza kukivaa tangu juzi ili watu wamzoee. Alimwona binti yake. Miaka minne hawajaonana, na yule mama hata ukope haukumcheza.

"Songül," alisema, "nani kamkaribisha huyu?"

"Sijui, mama. Ameingia tu."

"Amefunga?"

"Amefunga moja."

"Tatu," Nuran akasema.

"Mwambie sijamuuliza yeye."

Songül alimgeukia Nuran, uso umempauka. "Wifi, mama anasema haku…"

"Nimesikia, Songül. Mimi siyo kiziwi."

Pembeni alicheka Durdane, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye mdomo ambao mtaa mzima ulikuwa unaulisha ili usiwale. "Mwacheni afunge," alisema. "Majani ni mengi na mikono ni michache. Hata mwizi akija na kamba mtu humwambia kwanza nisaidie kuvuta ng'ombe."

Wanawake wakacheka. Bi Zekiye hakucheka, lakini hakumkataza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kesho asubuhi basi la mahujaji lingeondoka uwanja wa mji, na Bi Zekiye angekuwa ndani yake. Jioni ya leo jamaa na majirani wangekuja kumuaga na kula sarma. Lakini kabla hajaondoka ilimpasa awapitie watu wote mmoja mmoja, awaombe wamhalalishie haki zao: kama aliwasengenya, kama aliwadhulumu, kama alikopa kikombe cha sukari asikirudishe. Hujaji huomba na watu husema halali, ndipo mizigo inafungwa. Sasa wote waliokaa pale walidhani Nuran amekuja kuomba radhi ya mama yake kabla mama hajaenda mbali. Walikosea. Nuran alikuja kuombwa.

Kwa mtaa, kisa kilikuwa chepesi. Mzee Hikmet, baba yake Nuran, fundi seremala, alipigwa na kiharusi. Mkewe akamuuguza. Kisha binti yake wa Samsun akaja siku moja na gari la kukodi akamchukua, akamtenganisha na mke aliyeishi naye miaka arobaini, mzee akafia ugenini. Bi Zekiye hakwenda maziko. Alisimama uani hapa hapa, chini ya mzabibu huu huu, akatamka mbele ya watu kwamba maziwa aliyomnyonyesha Nuran ni haramu kwake. Tangu hapo Nuran akawa mwizi wa baba, na kila aliyekuwa na ulimi alimtafuna.

Kweli yenyewe waliijua wawili tu. Bi Zekiye ndiye aliyepiga simu. Nuran bado aliisikia ile sauti, kavu, ya haraka, ya mtu anayeogopa kubadili mawazo: njoo umtoe huyu mzee, usipokuja nitamweka nje langoni na godoro lake. Nuran akaenda. Na kwa kuwa baba yake, kwa ulimi wake mzito, alimwomba asimwaibishe mama, akafunga mdomo. Aliufunga miaka minne. Alitukanwa kwenye simu, alikosa harusi mbili za ukoo, watoto wake hawamjui bibi yao, na bado aliufunga. Lakini aliposikia kwamba mama anakwenda Makka, akasema moyoni: huyu mama ataizungukaje Kaaba na mimi nimebeba hili mgongoni? Ataniomba. Na kama tutasema kweli tupu, alitaka aombwe mbele za watu.

"Hebu nione," Bi Zekiye alisema. Alikuwa amekwisha kutandika mifupa, sasa ameinama kwenye sufuria ya kwanza. Alizichomoa sarma za Nuran bila kuuliza zipi ni zake. Mkono wa mtu kwenye jani la mzabibu unajulikana kama mwendo wake barabarani. Aliifungua moja, akamwaga ujazo siniani. Akafungua ya pili.

"Mnaona? Nene kama kidole gumba cha mchukuzi. Huko pwani wanafunga kabichi, mkono ukishazoea kabichi basi tena."

"Kabichi ni ya ng'ombe," Durdane alidakia.

"Ng'ombe na watu wa Samsun."

Nuran aliokota majani yale yale yaliyofunguliwa, akayafunga upya, madogo zaidi, yamekaza, akayarudisha. Bi Zekiye akayafungua tena. Hawakutazamana. Ilikuwa kazi ya ajabu, mmoja anafunga na mwingine anafungua, na wengine wakiendelea na zao kama hawaoni. Jani la mara ya tatu lilichanika. Bi Zekiye aliliinua juu kwa vidole viwili, mbele ya wote.

"Jani la mwezi wa tano hili. Laini kama hariri. Nimelichuma mwenyewe. Linachanikaje?"

"Limefunguliwa mara mbili ndiyo maana," Nuran akasema.

"Songül, mwambie asinijibu."

"Mama, mimi jamani…" Songül alikuwa karibu kulia. Alikuwa mke wa kaka yake Nuran na alikaa na mama mkwe nyumba moja, kwa hiyo alikuwa na sababu zake za kuogopa pande zote. Alimnong'oneza Nuran, "Wifi, kwa nini umekuja leo? Leo ndiyo umepata? Kesho anaondoka, ungemwacha aende na moyo wake."

"Aende na moyo wake, na wangu niuweke wapi?"

"Mna maneno huko," Durdane alisema kwa sauti. "Semeni na sisi tusikie. Au mnapanga kumwiba na mama? Maana baba mmemaliza."

Hapo hata wanawake wengine waliinamisha vichwa. Nuran alikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa fupi, lingemwangusha Durdane na mama yake kwa pamoja. Alimtazama mama yake. Bi Zekiye alikuwa ameshika harage moja kati ya vidole na hakuliweka popote. Alikuwa anasubiri. Ndipo Nuran akaelewa kwamba mama yake anamwogopa, na kwamba amekuwa akimwogopa miaka yote hii, na jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo, lilimkasirisha zaidi. Alichukua jani jingine.

Wakafunga mpaka sinia likaisha. Sufuria zote mbili zilijaa, sarma zimebanana mduara ndani ya mduara. Bi Zekiye alizimwagia maji yenye nyanya ya kukaushwa na maji ya zabibu mbichi, akafunika sahani kifudifudi juu yake ili zisiinuke, akaweka jiwe la mtoni juu ya sahani, kisha kifuniko. Songül akawasha moto. Za Nuran zilikuwa humo ndani, zile za mwisho, kwa sababu mama alichoka kufungua.

Sasa aliweza kumfukuza. Hakumfukuza. Alinawa mikono, akajifuta kwa aproni, akaanza kuwapitia.

Alianza na Durdane. Alipiga goti mbele yake, akamshika mikono. "Durdane, tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tulipokuja maharusi. Nimekusengenya sana. Nimesema kuku wako wana magonjwa na wewe una kiburi. Ule mkasi wako ninao mimi, haukupotea. Nihalalishie."

Durdane, na mdomo wake wote ule, akaanza kulia. "Halali, dada yangu. Halali kama maziwa ya mama." Kisha, machozi bado yanamtoka, akamtupia Nuran jicho, ili ajue kwamba neno maziwa halikumponyoka.

Akaenda kwa wa pili, kwa wa tatu. Kila mmoja alimtajia jambo lake. Kwa Songül alikaa zaidi. "Nimekuonea, mwanangu. Nimekuamsha mapema bila sababu, nimekusema mbele ya mumeo. Nihalalishie." Songül alimbusu mkono, akauweka kwenye paji la uso, akashindwa kutamka, akatikisa kichwa tu kwamba ndiyo.

Kisha Bi Zekiye akasimama, akaokota sinia tupu, akageuka kwenda jikoni.

Nuran alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kisogo hakujiandaa.

"Bi Zekiye," Durdane akaita. Huruma haikuwamo. Aliyaona machozi yake yamekauka akataka tamasha jingine. "Umeruka mtu."

"Sijaruka mtu."

"Umeruka. Mufti alisema haki ya mja haifutiki hata ukizunguka mpaka miguu ichakae. Hata adui, alisema. Hata aliyekukosea wewe, mwombe, ili umshinde."

"Najua alichosema mufti. Nilikaa mstari wa mbele yako."

Aliliweka sinia chini. Akageuka. Hakupiga goti, hakushika mkono. Alisimama pale alipo, akamwangalia Nuran juu ya kichwa, akasema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Na wewe nihalalishie."

Neno la kujibu ni moja na kila mtu analijua. Wanawake walishakunja midomo kulisema pamoja naye.

"Sihalalishi," Nuran akasema.

Songül alishika kifua. Mmoja wa majirani akasema astaghfirullah. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akimjibu hujaji hivyo, sembuse mtoto wake.

"Mmemsikia?" Bi Zekiye alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama ahueni. "Mmemsikia kwa masikio yenu. Ndiye huyo. Mnaniuliza kila siku nimemfanyia nini. Haya, ondoka. Sufuria imefunikwa."

"Nitaondoka. Lakini Bi Durdane umemtajia kuku na mkasi. Songül umemtajia usingizi wake. Mimi nikuhalalishie nini? Kitaje."

"Huna haya," Durdane alifoka. "Mwizi wa baba unataka kutajiwa! Mama wa watu umemwacha mjane kabla mumewe hajafa, halafu…"

"Durdane, nyamaza."

Aliyesema hivyo ni Bi Zekiye.

Bi Zekiye alivua aproni taratibu. Aliikunja, akaifungua, akaikunja tena. Alipoanza kusema hakumtazama Nuran, aliwatazama wao, na hasira yote ya miaka ile ikawageukia.

"Hakuibiwa. Nilimtoa mimi. Nilipiga simu mimi, nikamwambia huyu njoo umchukue la sivyo nitamweka nje langoni. Mnashangaa nini? Mlikuwa wapi? Mwaka mzima na nusu nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha anatema, namwosha tena. Nani kati yenu alileta bakuli la supu mara ya pili? Mara ya kwanza mlikuja wote, mkaangalia, mkaenda kusimulia. Nilichoka. Nilichoka mpaka nikamchukia mtu ambaye hakunikosea kitu. Alipoondoka nililala siku mbili. Halafu nikaamka nikaona aibu, na aibu ile sikujua niipeleke wapi, nikamtupia huyu. Maziwa nikayaharimisha kwa uongo. Haya. Mmeshiba?"

Sufuria ilianza kutokota.

Sasa ndipo aliposogea. Alipiga goti mbele ya Nuran, kwa shida, mkono mmoja sakafuni, vidole vimekuwa vya kijani kwa majani. "Nihalalishie."

Miaka minne Nuran aliisubiri saa hiyo. Alidhani itakuwa tamu. Aliona tu mwanamke mzee ameinama, kitambaa kipya kimemkaa upande, na akatamani amalize haraka. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, wala mumewe, na likamtoka kabla hajaliamua.

"Yangu ni halali," alisema. "Yote."

Wanawake walishusha pumzi. Durdane akaanza kusema alhamdulillah.

"Ya baba siwezi. Si yangu kuitoa." Sauti yake ilikuwa ngumu, na alijua kwamba anapiga, na alipiga. "Miezi saba alikaa kwenye kiti anatazama mlango. Kila kengele ikilia anasema, 'Zekiye huyo.' Mleta barua, 'Zekiye huyo.' Jirani, 'Zekiye huyo.' Maneno mengine yote yalimchanganyika, hayo mawili yalitoka sawasawa. Hakukuchukia. Alikusubiri. Hilo, mama, kamwombe mwenyewe."

Bi Zekiye hakuinuka pale chini. Alikaa kitako kwenye saruji, miguu imemnyooka mbele kama mtoto, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumgusa. Nuran alitaka kuyarudisha maneno yake mdomoni na wakati huo huo alitaka kuyasema tena.

"Amelala wapi?" mama akauliza. Miaka minne hakuwahi kuuliza.

"Samsun. Makaburi ya juu, mlimani."

"Ni mbali?"

"Saa mbili na nusu."

"Umekuja na nini?"

"Na gari."

"Liwashe."

Songül aliruka. "Mama! Leo? Wageni wanakuja jioni, imamu anakuja, mizigo haijafungwa, kesho basi…"

"Wageni wamealikwa kula sarma, hawatanila mimi. Nitarudi. Nisiporudi mapema watakula wakinisubiri, si vibaya, watu husubiriwa." Alijiinua kwa kushika bega la Durdane bila kumwomba ruhusa. "Ikichemka punguza moto. Na usiifunue kila saa kuangalia, Songül, nakujua wewe. Na nyinyi, kama mtakwenda kusimulia, simulieni vizuri. Msinipunguzie."

Alitafuta viatu vyake kwenye lile rundo, akavikosa, akavaa vya mtu mwingine. Wanawake walibaki wameketi kulizunguka sinia tupu.

Nuran alimfungulia mama yake mlango wa mbele. Bi Zekiye aliupita, akafungua wa nyuma, akakaa katikati ya kiti kama abiria wa teksi, mikono mapajani. Basi, Nuran akawaza, ndivyo itakavyokuwa. Waliteremka mtaa mzima bila neno, wakapita soko, wakapita daraja, wakashika barabara ya Samsun. Kwenye kioo Nuran aliona kile kitambaa cheupe tu, kimegeukia dirishani.

Walikuwa wamekwenda mwendo mrefu wakati sauti ilipotoka nyuma, bado kavu, bado ya kuamrisha.

"Alisema nini akisikia kengele?"

"Si nimeshakwambia, mama."

"Sema tena."

"Alisema, 'Zekiye huyo.'"

Lori liliwapita kwa kishindo. Bega la kiti cha Nuran lilivutwa kidogo, mtu amelishika kwa nyuma.

"Sema tena," mama yake akasema, na Nuran akasema tena, na mara hii hakusema ili kumchoma.